Siku moja maishani mwangu: kuwinda mvujo usioacha doa

Saa kumi na moja alfajiri naamka, chai ya rangi na mkate, kisha matatu ya Jogoo Road. Saa moja na nusu nimeshafungua gereji yetu hapa Industrial Area, Nairobi, na kijana wangu wa spana ameshafagia.

Watu wakisikia natengeneza magari ya michezo ya zamani, wanadhani nashinda nikiyaendesha bila paa, miwani ya jua usoni. Kazi yenyewe ni kulala chali juu ya katoni, tochi mdomoni, kutafuta kitu kisichotaka kuonekana. Na kodi ya gereji hailipwi na hayo magari. Inalipwa na Probox na Vitz. Asubuhi hii kulikuwa na Probox ya kumwaga oili na Vitz ya kubadilisha pedi za breki, nikamwachia kijana.

Saa mbili mzee akaingia na MGB yake ya 1967, ya kijani, safi kuliko chumba changu cha kulala. MGB ilitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, na zilitoka zaidi ya nusu milioni, ndiyo maana mpaka leo spea zake zinapatikana ukiagiza. Ni gari rahisi kulielewa: diski mbele, dramu nyuma, masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ukikanyaga pedali) ya breki na ya klachi zimekaa ubavu kwa ubavu chini ya boneti.

"Fundi, inapunguza mafuta ya breki kidogo tu. Kila baada ya wiki mbili naongeza kama upana wa kidole."

"Shikamoo mzee. Pale unapoiegesha nyumbani, unaona doa?"

"Marahaba. Hata tone. Ni nati mahali fulani imelegea, ukaze tu. Nitaipata saa sita?"

Nikamwambia tutaona. Jumapili alikuwa na Concours d'Elegance, mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri, pale Ngong Racecourse, na akili yake yote ilikuwa kwa majaji. Yangu ilikuwa kwenye mteremko wa Mai Mahiu, kwa sababu najua yeye na wenzake hupenda kushuka nayo hadi Naivasha. MGB ya umri huu ina masta silinda yenye mkondo mmoja unaolisha magurudumu yote manne. Kwenye Probox mfumo umegawanywa, paipu moja ikipasuka bado unabaki na breki kwingine. Kwenye hii, paipu yoyote ikiachia, pedali inagusa sakafu na umebaki na breki ya mkono na sala.

Ni kweli mafuta hushuka kidogo yenyewe kadiri pedi zinavyokwisha, lakini si upana wa kidole kila wiki mbili. Yasipodondoka chini, yamejificha. Huenda yako ndani ya dramu, huenda yanateremka kwenye fimbo ya pedali na kunywewa na zulia. Kwenye gari lenye busta, kile kifaa kinachotumia mvuto wa injini kusaidia mguu kukanyaga breki, injini inaweza kuyavuta na kuyachoma, ukabaki unashangaa moshi mweupe. Hii haina busta, kwa hiyo tukapunguza mshukiwa mmoja. Nikainua zulia upande wa dereva, nikapitisha kidole juu ya pedali, kukavu. Nikavua dramu za nyuma. Ya kushoto ilikuwa na unyevu.

Mzee akaona. "Ndiyo hiyo! Badilisha silinda ya gurudumu, tumalize."

Hapa ndipo mafundi wengi hula pesa ya bure. Nikachota ule unyevu kwa ncha ya bisibisi, nikaunusa, nikaudondosha kwenye glasi ya maji. Mafuta ya breki ya kawaida yanayeyuka na maji na kupotea. Tone hili likaelea juu, na lilinuka kiberiti: oili ya gia, imepita kwenye sili ya ekseli. Nayo ina dawa yake, lakini si ugonjwa uliomleta. Nikamwandikia pembeni.

Kisha nikaanza usafi. Usafi ndio nusu ya kazi, na hauna utukufu wowote. Gari la miaka hamsini na kitu lina uchafu wa vizazi, na kila kiungo kinaonekana kimelowa. Petroli hairuhusiwi karibu na mpira wa breki, inauvimbisha na kuuharibu. Maji ya sabuni, kisha spiriti, kisha upepo wa kompresa, kiungo kwa kiungo, kutoka masta silinda hadi ekseli ya nyuma. Vikishakauka, unavipaka poda ya watoto na kufunga kila kiungo kipande cha tishu nyeupe. Kijana wangu anapenda hatua hii kwa sababu gari linaonekana kama limetoka hospitali.

Halafu fimbo. Unakata ubao, ncha moja kwenye pedali ya breki, nyingine inaegemea kiti, unausukuma mpaka pedali inakuwa ngumu na presha inabaki ndani ya mfumo. Mvujo mdogo hauwezi kuushika kwa kukanyaga mara moja na kukimbia kuchungulia. Unahitaji kulazimishwa kwa muda mrefu.

Tatizo la fimbo ni kwamba taa za breki zinabaki zimewaka na kumaliza betri. Kwenye gari hili swichi ya taa haiko kwenye pedali, imefungwa kwenye kiungo cha paipu chini ya boneti, na inawashwa na presha ya mafuta yenyewe. Morris Minor na Mini nazo zilikuwa hivyo. Nikaenda kuchomoa nyaya zake. Ya kwanza ikatoka na utelezi. Nikaipangusa, nikaangalia kwa tochi: katikati ya swichi, pale plastiki inaposhika vyuma viwili, kishanga cha mafuta kikavimba polepole, kikatelezea kwenye mkia wa waya. Ndani yake kuna kiwambo chembamba, na kilikuwa kimechoka. Mafuta yalikuwa yanafuata waya ndani ya gamba lake, hayaoni sakafu kabisa. Chini ya kiungo, rangi ya kijani ilikuwa imejikunja kama ngozi ya maziwa yaliyochemka.

Hapo ilikuwa kama saa nne na nusu. Mzee alipoona ile rangi alishika kichwa. Mafuta ya breki hula rangi, na yeye alikuwa amelipia rangi hiyo mwaka jana.

Ningeweza kumwachia gari saa hiyo, na ningekuwa nimetatua kitu. Lakini kishanga kile hakikulingana na kidole kizima kila wiki mbili. Nikafunga swichi mpya, nikatoa upepo ulioingia kwenye paipu za breki, nikarudisha fimbo, nikabadilisha tishu zote, nikavuta kiti.

Kuanzia hapo saa sikuzifuata tena vizuri, kwa sababu mzee aliamua kutoondoka. Akampigia rafiki yake, naye akaja, wakageuza kreti mbili za soda na kukaa nyuma yangu.

"Sasa unafanya nini?"

"Natazama, mzee."

"Unatazama nini?"

"Kama patalowa."

Kimya cha dakika tano. "Pamelowa?"

"Bado."

"Kwa hiyo mimi nakulipa utazame."

Rafiki yake akaingilia. Amesoma mahali kwamba dawa ni kumwaga mafuta yote na kuweka ya silikoni, DOT 5, ambayo haili rangi. Hapo ana haki, haili rangi. Lakini haichanganyiki na DOT 3 wala DOT 4, yaani mafuta ya breki ya kawaida, na ukiimimina juu ya mabaki ya zamani umejitengenezea supu. Inataka mfumo uliosafishwa kabisa, sili mpya, na hushika viputo vya hewa kirahisi, ukabaki na pedali laini. Akaniuliza basi DOT 5.1 je. Hiyo, licha ya jina, ni ndugu wa DOT 4, inakula rangi vilevile. Akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeipa jina.

Nikaendelea kuwaeleza, maana ukinyamaza wanadhani hujui. DOT 4 mpya lazima ivumilie joto hadi nyuzi 230 za Selsiasi kabla ya kuchemka. Ikishanyonya unyevu wa hewa, kiwango kinachokubaliwa ni 155 tu. Ukishuka kuelekea Bonde la Ufa ukiwa umelalia breki nyuma ya lori, joto hilo si hadithi. Kwa hiyo hata "kuongeza kidogo" kutoka kwenye mkebe uliokaa wazi gereji yako tangu Krismasi ni kuongeza maji. Mzee akakohoa. Mkebe wake ulikuwa kwenye buti.

Kisha wakaanza kubishana kuhusu Safari Rally ya 1973, Datsun 240Z ya dereva Shekhar Mehta, nani alimwona wapi akipita na matope kiasi gani, nami nikapata amani. Chakula cha mchana nilikula nimesimama, chapati na maharagwe, jicho kwenye tishu.

Mchana, sijui saa ngapi, jua lilikuwa limehamia upande wa geti, nikaingia tena chini ya gari. Mbele zote kavu. Masta silinda kavu. Swichi mpya kavu. Nyuma, juu ya ekseli, pale paipu ya chuma inapokutana na hozi ya mpira, tishu ilikuwa na alama ya ukubwa wa punje ya mahindi. Nikaibana kati ya vidole: utelezi usio na unene, unaokauka ukiacha ngozi imekaza. Tone la kutoka kule linatambaa juu ya hozi na kuishia kwenye vumbi la ekseli, ambalo tayari lilikuwa na oili ya gia. Ndiyo maana hakuna aliyeliona.

"Kaza basi!" mzee akasema kutoka kwenye kreti.

Nikaweka spana ya paipu. Ilikaza robo mzunguko, kisha ikaendelea kuzunguka kilegevu. Nikajua. Nikaondoa fimbo, nikafungua. Nati ilitoka kwa vidole, ikicheza kushoto na kulia ndani ya tundu. Nati ya MGB ni ya inchi, 3/8 UNF (aina ya nyuzi nyembamba za skrubu), kipenyo chake milimita 9.5 hivi, nyuzi 24 kwa inchi. Hozi iliyokuwa pale ilikuwa na tundu la milimita 10, ya gari la Kijapani. Nyuzi zinakaribiana kiasi kwamba nati inaingia na inaonekana imekaza, kumbe imeshika kwa ncha tu. Gereji fulani ilikosa hozi sahihi ikafunga iliyokuwepo. Huko nyuma ndiko presha yote ya magurudumu mawili inapita, na kwa mkondo mmoja ule, kama ingechomoka, manne yote yangeondoka nayo.

Nilimwita mzee alale kwenye katoni aone mwenyewe. Alilala, suruali ya kaki na yote. Nikaichezesha nati mbele ya macho yake. Hakusema kitu kuhusu majaji tena.

Nilikuwa na hozi sahihi kabatini, ilikuja na oda ya Uingereza ya mteja mwingine. Wosha mpya ya shaba upande wa ekseli, spana mbili ili hozi isijipinde, ncha ya paipu nikaikata na kuifinya upya kwa sababu ilishaharibika. Halafu kutoa upepo tena, gurudumu la mbali kwanza. "Kanyaga! Shikilia! Achia!" Kijana wangu mguu ulikuwa unatetemeka, mimi mikono ilikuwa imekufa ganzi kwa kuwa juu ya kichwa. Rafiki wa mzee alikuwa ameshaondoka. Malori ya Enterprise Road yalikuwa yamewasha taa.

Tukalijaribu mtaani, breki za polepole, kisha za ghafla. Pedali juu, ngumu. Tishu kavu. Mzee akanyosha mkono apewe ufunguo.

Nikamwambia linalala hapa na fimbo kwenye pedali, kesho asubuhi tishu zikiwa kavu atalichukua. Alilalamika, akataja Jumapili, akataja umri wake, akataja mafundi wengine wanaomaliza kwa saa moja. Nikamwacha amalize, nikampa bili. Akaisoma kwa tochi ya simu. Swichi, sawa. Hozi, sawa. Mafuta ya breki, sawa. Akafika mstari wa "kutafuta mvujo" akaniuliza kama huo siwezi kumpunguzia.

Nikamwambia hozi naweza kumpunguzia.