Plazma ya waridi: ninavyolinda sampuli kabla ya kupima

Kazi yangu ni kutafuta viashiria vya ugonjwa ndani ya damu, na ninachokilinda kuliko kipimo chenyewe ni zile saa chache kati ya sindano na friza. Viashiria vingi vya uongo huzaliwa hapo.

Chukua NSE, protini inayopimwa kufuatilia saratani ya mapafu ya chembe ndogo na madhara ya ubongo baada ya moyo kusimama. Chembe nyekundu za damu nazo zinayo. Zikipasuka, namba inapanda na mgonjwa hajabadilika lolote. Kimeng'enya LDH, potasiamu na miR-451a, kipande kidogo cha RNA, ni vilevile.

Natumia sindano namba 21, na mpira wa kufunga mkono haukai zaidi ya dakika moja. Tyubu ya EDTA, dawa ya kuzuia damu kuganda, ile ya kifuniko cha zambarau, naijaza mpaka kwenye alama na kuipindua taratibu mara 8 hadi 10. Ukiitikisa kwa nguvu unapasua chembe. Usipoipindua unapata mabonge.

Ndani ya saa 2 naizungusha kwenye sentrifuji, mashine inayotenga plazma (maji ya damu) na chembe, kwa 2,000 g, yaani mara 2,000 ya nguvu ya mvutano wa dunia, dakika 15. Hapa wengi huteleza, kwa kuwa fomu huandikwa "mizunguko 3,000" basi. Nguvu inategemea nusu kipenyo cha rota, sehemu ya mashine inayobeba tyubu na kuzunguka: g ni 0.00001118 × sentimita za nusu kipenyo × mizunguko kwa dakika, hiyo mizunguko ikizidishwa kwa yenyewe. Rota ya sm 10 inahitaji mizunguko kama 4,230, ya sm 16 kama 3,340. Maabara mbili zikifuata namba moja ya mizunguko, moja itabakiza chembe sahani, zile za kugandisha damu, nyingi zaidi kwenye plazma.

Nikifyonza, naacha nusu sentimita juu ya utando mweupe ulio kati ya plazma na chembe nyekundu. Tamaa ya tone la mwisho huleta chembe nyeupe. Nagawa mililita 0.25 kwa kila kichupa, nyuzi −80, na kichupa kinayeyushwa mara moja tu.

Kabla ya kugandisha nakishika kichupa mbele ya karatasi nyeupe. Plazma nzuri ina rangi ya majani makavu. Ikielekea waridi, chembe zimepasuka. Jicho hukosa zile za kiasi kidogo, kwa hiyo napima ufyonzaji wa mwanga kwenye nanomita 414, mwanga unaofyonzwa na rangi ya chembe nyekundu, na inayozidi 0.2 naiweka kando. Plazma yenye mafuta baada ya mlo hupandisha namba hiyo pia, basi naangalia vyote viwili, rangi na namba.

Linalonisumbua zaidi ni ulinganisho. Damu ya wagonjwa hungoja wodini, ya wenye afya huzungushwa papo hapo, kisha tofauti ya kungoja inaitwa ugonjwa. Kwangu kila tyubu ina saa ya kuchukuliwa na saa ya kuzungushwa, makundi yote mawili yanangoja muda uleule, na nafasi zao kwenye sahani ya kupimia ya vishimo 96 zinapangwa kwa bahati nasibu. Sampuli isiyo na saa haipandi kwenye sahani, hata kama ugonjwa wake ni adimu. Inaniuma kila mara, maana kuna mtu alinyoosha mkono wake akatoa ile damu.