Kreni mpya, foleni ileile

Bandari ikizindua kreni mpya, mimi hutazama nyuma ya picha. Mbele wamejipanga wakubwa na mkasi na utepe. Nyuma yao, ukikodoa macho, utaona malori yamefuatana mpaka yanaishia nje ya fremu. Mimi ni wakala wa forodha, kazi yangu ni kutoa mizigo ya watu bandarini, kwa hiyo jicho langu hufika getini kabla ya kufika gatini.

Sina ugomvi na kreni. Meli ya Ideal X ilipofungua zama za makontena mwaka 1956 ilibeba makontena 58. Leo kuna meli zinazopakia zaidi ya 24,000 ya futi ishirini, na bandari yenye kreni fupi na maji ya kina kidogo haiwezi hata kuzipokea. Lakini kontena likishuka melini halijafika popote. Linakwenda yadi, linawekwa juu ya wenzake, na yadi ikijaa kila kontena la chini linalohitajika linalazimisha mashine kuhamisha matatu au manne ya juu. Dizeli hiyo yote inaungua, na mzigo haujasogea hata hatua moja kuelekea kwa mwenyewe. Mwenyewe, wakati huo, ananipigia simu kuuliza tozo ya ucheleweshaji imefika ngapi.

Anayedhani natia chumvi aangalie bandari za Los Angeles na Long Beach, Marekani. Kreni zipo, tena nyingi. Hata reli ipo: Alameda Corridor, njia ya mizigo ya kilomita 32 iliyofunguliwa 2002, karibu nusu yake imepita ndani ya mtaro ili treni zisikatize barabara za mitaani. Pamoja na hayo, Januari 2022 zaidi ya meli 100 za makontena zilikuwa kwenye foleni ya kuingia. Maghala ya bara yalikuwa yamejaa, kwa hiyo makontena yalibaki juu ya matela. Matela yasiporudi, lori halina cha kubebea mzigo mpya. Na makontena matupu nayo yakakalia nafasi ya yaliyojaa. Ghala lililo mbali kabisa na bahari lilikuwa limeziba gati. Tangu hapo, nikisoma mpango wowote wa upanuzi, natafuta kwanza maghala, matela na makontena matupu viko ukurasa gani. Mara nyingi havipo.

Waholanzi nao walijifunza kwa njia yao. Mwaka 2007 walifungua Betuweroute, reli ya mizigo pekee ya kilomita 160 hivi kutoka bandari ya Rotterdam hadi mpaka wa Ujerumani. Kazi safi. Ila upande wa pili wa mpaka, njia ya tatu ya reli, kando ya mbili zilizopo, iliyotakiwa kuipokea mizigo hiyo haikuwa tayari, na ujenzi wake ukaburuzwa miaka mingi, treni za mizigo zikigombea reli na za abiria. Bandari haina mamlaka juu ya reli ya jirani, lakini ndiyo inayolaumiwa.

Kwa upande mwingine, Rotterdam ndiko nilikokuta kifungu ninachokipenda kuliko teknolojia yoyote. Walipofukia bahari kupata Maasvlakte 2, eneo jipya la bandari, walioshinda kuendesha vituo vya makontena walifungwa kwenye mikataba: sehemu ya mizigo inayoondoka kwa lori ishuke mpaka 35%, inayobaki iende kwa reli na kwa matishari ya mtoni. Haya si maneno ya hotuba. Ni sharti la mkataba, limewekwa wakati ambapo bandari bado ina nguvu ya kusema hapana. Ukishatoa ardhi kwa miaka mingi bila sharti, utabaki kuomba.

Moshi nao una hadithi yake. Meli ikishafunga kamba haizimi kila kitu. Injini kuu inapumzika, lakini jenereta zinaendelea kuunguza mafuta ili taa ziwake, pampu zifanye kazi na makontena ya baridi yasipate joto. Göteborg, Uswidi, ilianza mwaka 2000 kuzipa meli za mizigo umeme mkubwa kutoka nchi kavu. California ilipitisha kanuni mwaka 2007, ikaanza kubana 2014. Umoja wa Ulaya umeamua kwamba kuanzia 2030 meli za makontena na za abiria zikifunga kwenye bandari zake kuu zichomeke umeme wa gatini. Inasikika rahisi kama kuchaji simu, kumbe meli nyingi zinatumia herzi 60 na gridi za nchi nyingi ni herzi 50, kwa hiyo lazima pawe na mtambo wa kubadilisha, na mtambo huo ni ghali. Tena meli moja kubwa huvuta megawati kadhaa. Kuna wanaodai kwamba umeme ukitoka kwenye makaa ya mawe, moshi umehamishwa tu. Kweli, umehamishwa. Kwa mtoto anayelala karibu na uzio wa bandari, kuhamishwa huko si jambo dogo.

Kuchimba kina nitapita haraka: mchanga unaotolewa lazima umwagwe mahali, na mahali hapo kwa kawaida pana wavuvi. Waulizwe kabla mashine haijafika.

Kitu cha bei nafuu kuliko vyote ni ratiba ya geti. Dereva anapewa saa yake, nyaraka zimekaguliwa kabla hajaondoka, anaingia, anapakia, anatoka. Haihitaji kreni wala utepe, inahitaji forodha, bandari na kampuni za meli zikubali kusoma mfumo mmoja. Na nikipewa nafasi ya kuomba jambo moja tu, ningeomba bandari zitangaze kila mwezi muda ambao lori linakaa tangu kufika foleni hadi kutoka getini, kwenye ukurasa uleule zinapotangaza muda wa meli gatini. Kwa sasa saa za meli zinahesabiwa hadi dakika, ila dereva aliyelala kabini usiku kucha mara nyingi haonekani kwenye takwimu, na anayelipia usiku huo ni mwenye mzigo.