Mchaichai wa biashara: tuuze majani au tukamue mafuta?

Watu wengi wanaoniuliza kuhusu kilimo cha mchaichai huanza na bei ya lita moja ya mafuta, na wakishaambiwa huizidisha papo hapo kwa ekari walizonazo. Mimi ni mkulima wa Muheza, mkoani Tanga, ninayeishi katikati ya watu ambao riziki yao imetokana na mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga, na baada ya kuukuza, kuukausha na kuuza mchaichai nimefikia msimamo ambao ningependa kuueleza kwa kirefu: mkulima mdogo aanze na majani makavu, na asiingie katika mafuta mpaka uwepo mtambo wa kukamua kwa mvuke ulio karibu na shamba pamoja na majani ya kuutosha mtambo huo mwaka mzima. Sababu za msimamo huu zimo ndani ya mmea wenyewe.

Jani bichi la mchaichai ni maji kwa asilimia 75 hadi 80 ya uzito wake, na mafuta yaliyomo ndani yake kwa kawaida ni kati ya asilimia 0.2 na 0.5 tu. Tukichukua asilimia 0.3, ambayo ni makadirio ya haki kwa shamba linalotunzwa, tani nzima ya majani mabichi hutoa kilo 3 za mafuta, yaani lita 3 na ziada kidogo, kwa kuwa mafuta haya ni mepesi kuliko maji. Sufuria ya mtambo yenye ujazo wa lita 500 hubeba takriban kilo 100 za majani yaliyoshindiliwa, kwa hiyo mzigo mmoja, pamoja na kuni zake, maji yake na saa zake, huishia katika mafuta yasiyojaa nusu lita.

Linganisha hesabu hiyo na makonyo ya karafuu, yaani vijiti vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa, ambayo hutoa mafuta ya asilimia 5 hadi 6. Kiwanda cha Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar kilichopo Wawi, karibu na Chake Chake, Pemba, hukamua makonyo hayo, na mchaichai pia hukamuliwa hapo pamoja na majani ya mdalasini na mkaratusi. Makonyo yanaweza kuanikwa, kutiwa katika magunia na kungojea zamu yake ghalani, kisha yakasafirishwa kwa lori kutoka upande wowote wa kisiwa bila hasara kubwa, kwa sababu ndani ya gunia hilo mna mafuta mengi na maji kidogo. Mchaichai haungojei. Majani mabichi yakirundikwa hupata joto katikati, hubadilika rangi na kuanza kuvunda, na anayeyasafirisha masafa marefu analipa nauli ya maji. Ndiyo maana ninasema kwamba mtambo wa mchaichai lazima uwe shambani au jirani kabisa na shamba. Palipo na mtambo mbali na majani, biashara ya mafuta imekwisha kabla ya kuanza.

Kabla ya kupanda, mkulima ajue anapanda mchaichai gani. Ule tunaoupanda nyuma ya jiko katika Afrika Mashariki ni ule ambao wataalamu wa mimea huuita Cymbopogon citratus. Hutoa maua kwa nadra sana, na kwa hiyo huenezwa kwa kugawa mashina. India, na hasa jimbo la Kerala, imejijengea jina kwa ndugu yake, Cymbopogon flexuosus, unaotoa mbegu na ambao mafuta yake yalijulikana sokoni kwa jina la bandari ya Cochin. Huko Odakkali kuna kituo cha utafiti wa mimea ya harufu kilichoanzishwa mwaka 1951, na mbegu yake iitwayo Sugandhi imesambaa katika mashamba mengi ya India. Aina zote mbili hubeba sitrali, kemikali inayoupa mchaichai harufu yake ya ndimu, na mnunuzi hutazama kwanza kiasi cha sitrali hiyo, ambacho katika mafuta mazuri huwa asilimia 70 au zaidi. Tofauti iko katika mirseni, kemikali nyingine iliyomo katika mafuta hayo: mafuta ya mchaichai wetu wa nyumbani huwa nayo kwa wingi, nayo hubadilika inapokutana na hewa, na matokeo yake ni kwamba mafuta hayo hayayeyuki katika alkoholi vizuri kama yale ya Kerala. Mtengenezaji wa manukato hulijali sana jambo hilo, ilhali mtengenezaji wa sabuni hulijali kidogo. Kwa chai, mchaichai wetu unafaa kabisa, na sioni sababu ya mkulima wa majani kuagiza mbegu kutoka mbali.

Nisisitize hapa tahadhari moja, kwa kuwa nimeona miche ikiuzwa kiholela. Ipo sitronela, majani ya jamii hiyo hiyo yenye mashina yanayoelekea wekundu karibu na ardhi, ambayo mafuta yake hutumiwa kufukuza mbu. Hiyo si ya kunywa. Mche upimwe kwa kuponda jani mkononi na kulinusa, na ukiwa na shaka usiununue, kwa sababu kosa hilo hukaa ardhini kwa miaka.

Upandaji wenyewe si mgumu. Mwanzo wa masika, kichaka kilichokomaa hung'olewa, hugawanywa katika vipando vyenye shina moja au mawili pamoja na mizizi, majani hukatwa juu ili kipando kisipoteze maji, kisha hupandwa kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 60. Kwa nafasi hiyo ekari moja huchukua vipando takriban 11,000, idadi inayowashtua wengi, na ndiyo sababu ninashauri kuanza na kitalu cha robo ekari ambacho baadaye kitagawanywa. Udongo usiotuamisha maji ni sharti. Kwenye miteremko, kama hii inayopanda kuelekea Amani, mistari ifuate kontua, yaani ikingame mteremko kwa usawa, kwani mizizi ya mchaichai hushika udongo vizuri na mvua kubwa ya Aprili haiondoki nao. Palizi ya miezi ya mwanzo haina mbadala, maana mmea mchanga husongwa na magugu upesi, lakini ukishafunga ardhi huyakandamiza wenyewe.

Mavuno ya kwanza huja miezi minne hadi sita baada ya kupanda, na baada ya hapo hurudiwa kila baada ya miezi miwili hadi mitatu kulingana na mvua. Panga likate juu ya ardhi kwa sentimita 10 hadi 15. Ukikata chini zaidi unachukua chipukizi za mavuno yajayo, na ukikata juu sana unaacha visiki vinavyooza. Jani lililochelewa kukatwa huwa gumu, hukauka ncha na kupungukiwa mafuta. Siku ya kukata iwe kavu, umande ukishaondoka. Na kwa kuwa kila mavuno huondoa shambani tani za majani, ardhi lazima irudishiwe chakula, hasa naitrojeni na potasiamu: samadi iliyooza, mboji, na majivu ya tanuri ikiwa lipo. Shamba lisilorudishiwa kitu hukupa mwaka mmoja wa furaha, kisha vichaka hugeuka manjano. Ugonjwa unaoonekana zaidi ni kutu ya majani, madoa ya kahawia chini ya jani, nao ni hasara kubwa zaidi kwa anayeuza majani kuliko anayekamua, kwa sababu mnunuzi wa chai hununua kwanza kwa macho.

Sasa nije kwenye ukaushaji, ambao kwangu ndio kiini cha biashara ya majani. Kilo moja ya jani kavu hutokana na kilo 4 hivi za jani bichi. Majani huoshwa kwa maji safi, hukung'utwa, hukatwa vipande vya sentimita chache, kisha hutandazwa kwa tabaka jembamba juu ya vichanja vya wavu vilivyoinuliwa kutoka ardhini, chini ya paa lenye kupitisha hewa. Jua kali la moja kwa moja hufanya kazi haraka, lakini hufuta rangi ya kijani na kurusha harufu hewani, na harufu hiyo ndiyo mnunuzi anayolipia. Kwa anayetumia kikaushio cha jua chenye chumba, joto lisizidi nyuzi 45. Jani liko tayari linapovunjika kwa sauti badala ya kupinda, na unyevu wake usizidi asilimia 10 au 12, kwani ukizidi hapo ukungu utaingia ndani ya mfuko uliofungwa. Kuanika chini kwenye turubai, mahali ambapo kuku na mbuzi wanapita, ni tabia inayoniumiza moyo, kwa sababu jani hilo litatiwa katika kikombe cha mtu, na mara nyingi kikombe cha mgonjwa au mtoto. Mzigo mmoja wenye mchanga unatosha kumfanya mnunuzi aufungie mlango mtaa mzima.

Masika yana shida yake: majani hukua kwa wingi wakati ambapo hewa imejaa unyevu na hakuna kinachokauka. Mtu asiye na kikaushio chenye joto apange kukata kidogo kidogo katika miezi hiyo, au auze mabichi kwa hoteli na magenge ya viungo mjini Tanga, na nguvu yake aiweke katika miezi ya ukavu.

Turudi kwenye mafuta, kwani sikusudii kuwakatisha tamaa wenye uwezo. Majani yakishakatwa hunyaushwa kivulini kwa muda usiozidi siku moja, hupungua uzito, na sufuria hubeba mengi zaidi kwa kuni zile zile. Mvuke hupitishwa katika majani kwa saa 2 hadi 4, hupoozwa katika bomba linalozungukwa na maji baridi, na mafuta huelea juu ya maji yaliyotoneshwa. Bomba hilo linahitaji maji mengi kila siku ya kazi, na pasipo kijito au kisima cha uhakika mtambo usijengwe. Kuhusu kuni nina msimamo mkali: misitu ya Usambara Mashariki imeshabeba mizigo ya kutosha, na mtambo wa mchaichai hauna haki ya kuiongezea mwingine. Majani yaliyokwisha kukamuliwa, yakianikwa, huungua vizuri na yanaweza kulisha tanuri kwa sehemu kubwa. Anayejenga mtambo ajenge tangu mwanzo tanuri linalofaa kuchoma majani hayo.

Mafuta yakishapatikana, adui zake ni hewa, mwanga na maji. Yachujwe yasibaki na tone la maji, yajazwe mpaka juu katika chombo cha chuma cha pua au chupa ya rangi ya kahawia, na yahifadhiwe mahali pa baridi. Yasiwekwe katika madumu ya plastiki ya kawaida. Mnunuzi wa Ulaya ataomba cheti cha maabara kinachoonyesha viambato, na sitrali imo katika orodha ya vitu vya manukato ambavyo sheria za Umoja wa Ulaya hudai viandikwe kwenye vipodozi, kwa kuwa baadhi ya watu huwashwa ngozi. Kwa sababu hiyo hiyo, wanaouza mafuta haya mitaani kama dawa ya kunywa wanahatarisha watu, nami ninawasihi waache.

Mkulima ajue pia anashindana na nani. Mwaka 1947 kundi la Otto Isler katika kampuni ya Roche, Uswisi, lilifanikiwa kutengeneza vitamini A kiwandani kwa njia inayopitia kemikali itokanayo na sitrali, na mafuta ya mchaichai yakawa malighafi yenye kutafutwa. Baadaye wanakemia wakajifunza kutengeneza sitrali bila jani lolote, na leo kampuni ya BASF huizalisha kwa wingi mkubwa Ludwigshafen, Ujerumani, huku China ikiitoa katika matunda ya mti uitwao Litsea cubeba. Moto ulipozuka katika kiwanda hicho cha Ujerumani mwishoni mwa Oktoba 2017, sitrali iliadimika duniani. Mchaichai wa kukamua, kwa hiyo, hauna soko kama chanzo cha sitrali ya bei nafuu. Soko lake ni kwa watu wanaotaka mafuta halisi ya mmea, wenye kuuliza yametoka shamba gani na yamelimwa vipi. Watu hao wapo na hulipa vizuri, lakini hununua kwa mkataba, kwa kiasi kisichoyumba na ubora usiobadilika, masharti ambayo ekari moja haiwezi kuyatimiza peke yake.

Ndiyo maana njia ninayoiamini ni wakulima wa kijiji kimoja kuuzunguka mtambo mmoja, kila mmoja akiendelea kukausha majani yake mazuri na kupeleka mtamboni yale yaliyokomaa kupita kiasi au yenye kutu kidogo. Jambo la kukubaliana mapema ni namna ya kulipana. Malipo kwa uzito wa jani bichi humfaidi anayeleta majani yenye maji, na malipo kwa mafuta yaliyopatikana huhitaji kila mzigo ukamuliwe kwa zamu yake, jambo linalowachosha wenye mizigo midogo. Mimi ninapendelea mzani wa jani lililonyaushwa kivulini kwa usiku mmoja, linalopokewa na watu wawili waliochaguliwa na wakulima, pamoja na ratiba ya kukata inayomwelekeza kila mwenye shamba wiki yake, ili sufuria isikae tupu Februari na isizidiwe Mei. Ratiba hiyo iandikwe na kutiwa saini kabla fedha za kununua mtambo hazijakusanywa.