Nilivyoziona kromosomu zikigawana, na si kwenye ngozi ya kitunguu

Sijui nani alianza kuwaambia walimu kwamba mitosisi, yaani seli moja kugawanyika mbili na kugawana kromosomu (zile nyuzi zinazobeba urithi), inaonekana kwenye ngozi ya kitunguu. Mimi niliambiwa na mwenzangu wa baiolojia, tena kwa kujiamini: bandua ile ngozi ya ndani, dondoshea iodini, tazama. Nikatazama mpaka jicho likatoa machozi. Seli zimejipanga vizuri, kila moja na kiini chake, basi. Zile zimeshakomaa, hazigawanyiki tena hata uzibembeleze. Nyuma yangu kidato cha tatu kimepanga foleni kusubiri hadubini.

Kazi yenyewe iko kwenye ncha ya mzizi, milimita moja mbili za mwisho. Ila vitunguu vya sokoni vina kiburi: ukiviweka tu mdomoni mwa glasi ya maji vinaoza kitako. Kwangua kwa wembe ile mizizi mikavu ya zamani, maji yaguse kitako tu, na uyabadilishe kila siku. Vikigoma, kitunguu saumu hakina maringo.

Ncha nililaza usiku kucha kwenye spiriti mafungu matatu na asidi ya asetiki fungu moja. Kisha zinahitaji asidi ya haidrokloriki ya moja mola kwenye nyuzi 60, kama dakika tano hivi, ili seli ziachiane. Kifaa cha kutunza joto hatuna, na bei yake sitaki hata kuikumbuka. Nikachukua chupa ya chai ya ofisini, nikachanganya maji ya moto na baridi huku kipimajoto kikiwa ndani, nikakitumbukiza kijaribio chenye asidi na ncha zangu. Joto lilikaa palepale! Chupa niliisuuza sana, msiniulize zaidi.

Baada ya rangi ya asetokamini, funika kwa kioo chembamba, weka tishu, ukandamize kwa dole gumba wima. Ukiteleza kidogo tu, seli zinajiviringisha na kazi imekwisha.

Kwenye ukuzaji wa mara 400, nyingi zilikuwa zimepumzika. Halafu pembeni nikaiona moja: kromosomu zimejitenga makundi mawili, kila kundi linavutwa upande wake, mikono ikiburuzika nyuma. Seli ya kitunguu ina kromosomu 16, na kila moja hujinakili kabla ya kugawanyika, kwa hiyo kila upande unapata 16 zake. Nilipiga kelele.

Kijana mmoja akauliza, "Mwalimu, mbona hazisogei?" Nikamwambia ziliuawa na spiriti, kila moja ikakwama ilipofikia. "Sasa tutajuaje ipi ilitangulia?" Swali hilo lilimtoa jasho hata Walther Flemming, mwanabaiolojia Mjerumani aliyechapisha kazi yake kuhusu kugawanyika kwa seli mwaka 1882, yeye alizitazama pia seli hai za mabuu wa salamanda ili ahakikishe mfuatano. Sisi hatuna salamanda. Niliwaachia wachore, wabishane.

Slaidi bora nimeziba kingo kwa rangi ya kucha, ile isiyo na rangi. Mwenye rangi hiyo yuko nyumbani na bado anaitafuta.