Mkono upo, bado kichwa: tiba radiolojia na kiharusi Nyanda za Juu Kusini

Daktari wa tiba radiolojia (anayetibu kwa mirija na waya zinazoongozwa na picha) aliyeiva tayari anajua kutoboa ateri ya paja, kupitisha waya na kuziba mshipa unaovuja kwenye ini au kizazi. MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, ilianza kufundisha fani hii kama shahada ya uzamili mwaka 2019, miaka 2 baada ya MMed (shahada ya ubingwa) ya radiolojia, ikisaidiwa na wataalamu wa Road2IR, mpango wa kimataifa wa kufundisha fani hii. Kwa hiyo swali letu huku Mbeya ni hili: mtu kama huyo anapungukiwa nini ili avute bonge la damu kichwani bila kumuumiza mgonjwa zaidi? Naona bado anapungukiwa mengi, na mengi ya hayo hayamo mikononi.

Tuanze na saa. Ndugu watasema kiharusi kimeanza saa 12 asubuhi. Mara nyingi hiyo ndiyo saa aliyokutwa mdomo umepinda. Uliza nani alimwona mara ya mwisho akiwa mzima. Kama alilala saa 3 usiku, zimeshapita saa 9, na dawa ya kuyeyusha bonge, ambayo kwa CT (picha ya kichwa kwa mionzi) ya kawaida ukomo wake ni saa 4 na nusu, imempita. Kuvuta bonge kwa katheta, yaani mrija mwembamba wa mishipani, bado kunawezekana: kwa kawaida ndani ya saa 6, na tangu majaribio ya kitabibu ya DAWN na DEFUSE 3, hata hadi saa 24 kwa mgonjwa ambaye picha inaonyesha sehemu kubwa ya ubongo bado i hai. Na kabla ya yote, pima sukari. Sukari ikishuka sana hulegeza upande mmoja wa mwili ukaapa ni kiharusi, na hapo dawa ni glukosi.

Kwenye CT, eneo la ateri ya kati ya ubongo hugawanywa sehemu 10, na kila sehemu iliyoanza kufa hupunguza alama 1. Hiyo ndiyo alama ya ASPECTS. Mwanafunzi asome picha nyingi za zamani, aandike namba yake kabla ya kuonyeshwa jibu, maana dalili za mwanzo ni hafifu na jicho lisilozoea huzipita. Kisha CT ya mishipa, kuanzia upinde wa aota (ateri kuu itokayo moyoni) hadi utosini. Kanula ya kuingizia dawa ya picha iwe ya kijani, mkono wa kulia. Ukiiweka kushoto, dawa hiyo nzito hupita kwenye vena iliyo mbele ya upinde na kuacha miale inayoficha chanzo cha karotidi (ateri ya shingo), mahali hasa utakapohitaji kupaona dakika 20 baadaye ukiwa na katheta mkononi. Upinde wa mzee mwenye presha ya miaka mingi huwa umekunjamana, na katheta iliyonyooka haipandi. Andaa yenye ncha iliyokunjwa, kama Simmons, mapema.

Sasa mkono. Mtu asipewe kifaa cha kuvutia bonge kabla hajafanya picha nyingi za kawaida za mishipa ya shingo na kichwa, peke yake, msimamizi akiwa pembeni. Kinachomgharimu mtu wa ini na kizazi ni nguvu. Ateri ya kati ya ubongo ina upana wa milimita 3 hivi mwanzoni, ukuta wake ni mwembamba, na nje yake kuna maji tu, hakuna nyama ya kuishikilia. Waya ya inchi 0.014 ikunjwe ncha kama herufi J, vinginevyo itaingia kwenye kijitawi na kukitoboa.

Na hewa. Kwenye ini, kipovu kimoja ni jambo dogo. Kichwani ni kiharusi kingine. Kila unapounganisha bomba, acha maji ya chumvi yadondoke pande zote mbili mpaka midomo ikutane ikiwa imefura maji, ndipo ukaze. Gonga koki kwa kidole, utaona kipovu kikijitokeza pembeni. Mfuko wa dripu ubanwe hadi 300 mmHg na uangaliwe kila mara: ukiisha bila mtu kujua, damu hurudi na kuganda ndani ya katheta ileile iliyokuja kuondoa bonge.

Kuvuta kwenyewe ni kufupi. Katheta ndogo inapita bonge, kifaa chenye wavu kinafikishwa ng'ambo, halafu unashikilia waya palepale na kuirudisha katheta ili wavu ufunguke. Wanaoanza hufanya kinyume, wanausukuma wavu mbele, na hapo ukuta hukwaruzwa. Subiri dakika 3 hadi 5 bonge linase. Jaza puto la katheta kubwa iliyo shingoni, nyonya kwa sirinji ya mililita 60, vuta polepole kwa mwendo mmoja. Bila kunyonya, vipande hukatika na kuruka kwenye ateri nyingine. Ukirudia mara 3 bila kupata kitu, simama ufikiri upya. Kila mvuto hukwangua ukuta.

Daktari mmoja aliyefuzu si huduma. Zamu ya saa 24 inataka angalau watatu, pamoja na mtu wa nusu kaputi, nesi wa kathlabu (chumba cha kazi za katheta) na fundi mionzi wanaoitika usiku. Hili viongozi hulisahau baada ya kununua mashine.

Halafu kuna barabara. Iringa hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 300, kwa hiyo mgonjwa aliye ndani ya saa 4 na nusu, ambaye CT haionyeshi damu kichwani, na ambaye hana zuio jingine, aanzishiwe dawa ya kuyeyusha bonge hukohuko. Dawa hiyo, alteplase, ni miligramu 0.9 kwa kilo, isizidi 90. Mwenye kilo 60 hupata 54: 5.4 kwa dakika moja, 48.6 kwa saa nzima. Presha iwe chini ya 185/110 kabla, na isizidi 180/105 baada ya hapo. Kwenye karatasi ya rufaa iandikwe saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho, saa dawa ilipoanza, uzito, na namba ya simu ya aliyemwona.