Kinyago cha Boma

Miaka miwili iliyopita nilinunua hapa Dar kinyago nilichoambiwa ni cha Wakongo, yaani kabila la Wakongo la magharibi ya nchi ya Kongo, si Wakongo wote, umri wake miaka mia. Uso mweupe, mdomo nusu wazi, meno ya juu yamechongoka. Nimekulia kwenye mabanda ya vinyago Mwenge, baba yangu ni mchongaji wa mpingo, na bado nikanasa. Jioni ile baba hakuutazama hata huo uso. Alikigeuza, akapitisha kidole gumba upande wa ndani, kidole kikatoka na rangi ya kiatu. Chini ya rangi patasi ilikuwa imeacha alama zenye kingo kali, kama za jana.

"Hakuna mtu aliyewahi kutia uso wake humu," akasema.

Maneno hayo ndiyo yaliyonipandisha ndege ya Kinshasa, nikatafute kinyago kinachovalika kweli.

Nilianzia Makumbusho ya Taifa, yale yaliyofunguliwa 2019 kwa fedha za Korea Kusini. Nilitaka kwanza kumwona Kakuungu, kinyago cha Wasuku wa Kwango, mashavu yamevimba, kidevu kimetokeza. Si cha Wakongo, lakini muuza vinyago kama mimi hawezi kufika Kinshasa akampita. Mfalme Philippe wa Ubelgiji alikileta mwenyewe Juni 2022. Alikileta kwa mkopo. Watu wanaazimwa kinyago cha babu zao! Nilisimama pale nikiwa na hasira, na sijaona sababu ya kuiacha.

Kwa wenzangu tunaonunua na kuuza, niseme hapa jambo ambalo lingeniokolea fedha kama ningelijua mapema. Wakongo wanajulikana zaidi kwa minkisi, zile sanamu zenye nguvu, nyingine zimepigiliwa misumari mwili mzima. Vinyago kwao ni vichache, na vingi vinatoka pande mbili tu: kwa Wayombe wa msitu wa Mayombe, na kwa Wawoyo wa pwani, kuanzia Muanda hadi Cabinda. Cha Wawoyo kinaitwa ndunga. Ni kikubwa, kina rangi nyingi, na anayekivaa hufunikwa kwa majani makavu ya mgomba hadi miguuni. Kwa hiyo ukikuta duka lina vinyago thelathini ukutani na vyote vinaitwa vya Wakongo, jiulize mara mbili.

Basi la Matadi, mji ulio njiani kwenda Boma, liliondoka alfajiri. Ni kilomita 350 hivi, na nilizila zote dirishani. Kisantu, abiria walinunua kwanga, ule mkate wa muhogo unaofungwa kwa majani, nami nikala kipande na karanga. Karanga kwa Kikongo wanaziita nguba. Mwana kwao ni mwana, ngoma ni ngoma, nyoka ni nioka. Mama mmoja alicheka kila nilipodaka neno, akawa ananiongezea mengine kama anayemlisha mtoto. Mbanza-Ngungu kulikuwa na baridi ya milimani, kisha barabara ikaanza kuteremka na joto likapanda. Matadi maana yake mawe, na kweli mji umekaa juu ya mawe matupu, nyumba zimeng'ang'ania mteremko juu ya mto.

Kesho yake tulivuka daraja. Wajapani walilijenga, likafunguliwa 1983, mita 722 za chuma zinazoning'inia juu ya Mto Kongo. Chini maji yanazunguka kwa kasi, rangi yake ya chai ya maziwa. Dereva alizima redio.

Boma ni mji mkimya kwa historia uliyoibeba. Uliwahi kuwa makao makuu ya koloni la Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji. Karibu na hapa, mwaka 1878, mfanyabiashara Mbelgiji Alexandre Delcommune alichukua nkisi wa chifu Ne Kuko baada ya kuvamia kijiji chake. Ne Kuko aliomba arudishiwe, akakataliwa. Sanamu hiyo hadi leo iko kwenye makumbusho ya Tervuren, nje kidogo ya Brussels. Nilifikiria jambo hilo nikinywa soda kivulini. Mtu anamfuata aliyemshinda, anaomba chake, anarudi mikono mitupu. Sisi wenye maduka tunapenda kuandika kwenye vibandiko "kutoka mkusanyiko wa zamani wa Ulaya", na bei inapanda. Mimi mwenyewe nimeandika hivyo. Sitaandika tena kabla sijajua kitu kilitokaje mkononi mwa mwenyewe.

Mchongaji nilipelekwa na kijana wa Bukavu anayeuza vipuri mjini. Kiswahili chake kilinifurahisha kama kukuta ndugu ugenini. Njiani alinionya: "Dada, ule muzee umuite Tata. Na usiulize bei mbele ya salamu."

Tata, yaani baba kwa Kikongo, alikuwa amekaa kwenye kigoda chini ya mwembe, gogo jeupe limebanwa kati ya nyayo zake, tezo mkononi. Ni Myombe, amefundishwa na mjomba wake. Alinikaribisha, akaulizia wazazi wangu, nikamwambia baba naye anachonga. Hapo akaacha tezo. Akataka nimwonyeshe kwa mikono namna baba anavyokaa anapofanya kazi. Nikakaa chini nikamwonyesha. Akatikisa kichwa: mpingo ni mgumu mno, mtu wa mti mwepesi hawezi kukaa vile.

Kisha akauliza, kupitia kwa kijana, ninataka kinyago kipya au kipya kilichozeeshwa. Aliuliza waziwazi, bila kuficha. Wanunuzi wa mjini ndivyo wanavyomwagiza, akasema: kitundikwe juu ya moto wa jikoni miezi, au kifukiwe kwenye kichuguu mchwa wakile pembeni. Mafuta ya mawese na masizi yanamalizia. Nikaelewa kwamba uongo ulionipata Dar haukuanzia kwa mtu kama huyu. Unaanzia kwetu sisi tunaolipa mara tatu kwa ajili ya tundu la mchwa.

Nikamwambia nataka kipya, na nataka kivalike.

Alinionyesha kimoja kilichokaribia kwisha. Ndani alikuwa amekikwangua kwa kisu hadi kikawa laini kama kijiko cha mti, maana pale ndipo paji la uso na mashavu hugusa. Ukingoni alitoboa matundu, moja baada ya jingine, ya kufungia vazi la nyuzi. Bila matundu hayo ni uso wa kutundika tu. Alinivalisha. Harufu ya mti mbichi, pumzi yangu ya moto ikinirudia, na dunia yote imebaki mistari miwili ya mwanga. Nilisikia kuku, nikaona vidole vya miguu yangu.

Nilipokivua nikamwambia methali yetu, kwamba kinyago ulichochonga mwenyewe hakiwezi kukutisha. Kijana alitafsiri. Tata hakucheka.

"Anasema," kijana akanigeukia, "yeye anachonga muti tu. Nganga njo anaweka nguvu. Akishaweka, hata yeye anakiogopa."

Halafu akakipaka uso udongo mweupe kwa vidole, taratibu, akianzia paji. Wanauita mpemba, na mpemba ni jina la nchi ya wafu vilevile. Weupe ndio rangi yao. Kati yetu na wao, kwa imani ya Wakongo, kuna mpaka wa maji, Kalunga. Aliyefariki amevuka ng'ambo, na kinyago cheupe ni uso uliorudi kutoka huko.

Nililipa dola 80, bila kupatana. Nilimwomba aandike ndani mwaka na neno Boma, akaandika kwa penseli, kwa herufi kubwa za mtu asiyeandika mara kwa mara.

Kwenye gari la kurudi Matadi nilikipakata, uso juu, udongo haujakauka vizuri. Tulipolikaribia daraja, mama mtu mzima aliyekaa kando yangu alinigusa bega. Alikielekeza kidole kile kinyago, kisha mto, kisha kitenge kilichokuwa begani kwangu. Sikumuuliza kitu. Nilikifunika, na tulipofika ng'ambo ndipo aliponiambia kwa mkono kwamba sasa naweza kukifunua.