Chupa Zisizorudishwa Dukani

Wengi wanaokusanya tokkuri za kale, yaani chupa za kauri za kumiminia sake, pombe ya mchele ya Wajapani, huanza na zile za Bizen, eneo la ufinyanzi huko Japani, ambazo hazipakwi mng'aro wowote bali huachiwa moto wa kuni za msonobari, unaowaka jokoni kwa siku kumi na zaidi, uzipambe kwa majivu yake. Siwalaumu. Mimi, hata hivyo, nimenaswa na chupa duni zaidi, ambazo wauza sake wa enzi za Edo na Meiji (1603 hadi 1912) waliwaazima wateja wao.

Zamani hizo sake ilipimwa kutoka kwenye pipa. Mteja alikabidhiwa chupa ya duka, akaenda nayo nyumbani, na ilipokwisha akairudisha ijazwe tena. Ili isipotee, jina la duka, na mara nyingine mtaa na nambari, viliandikwa ubavuni kwa brashi. Wajapani waliziita pia binbo-dokkuri, chupa za maskini. Nyingi zilifinyangwa Takada, katika eneo ambalo leo ni sehemu ya mji wa Tajimi, mkoani Gifu, hadi chupa za kioo za lita 1.8 zilipozisukuma nje ya biashara.

Ninayoipenda kuliko zote niliinunua Kyoto, kwenye soko la tarehe 21 ya kila mwezi katika hekalu la To-ji. Herufi ya kwanza ni nene na nyeusi, ya pili imefifia, na ya mwisho ni mikwaruzo tu, kwa kuwa mwandishi hakujisumbua kuchovya brashi tena. Bila shaka alikuwa na chupa nyingine nyingi zikimngoja. Kitako kimelika upande mmoja.

Nyingine ilinitia hasara. Mdomo wake ulikuwa umevunjika, ukaundwa upya kwa gundi na kupakwa rangi kwa ustadi, nami nikalipa bei ya chupa nzima. Sasa hugonga kila mdomo kwa ukucha kabla ya kuuliza bei: kauri hulia, gundi hunyamaza.

Ile ya To-ji ina nambari 38. Kwa maandishi yake yenyewe bado ni mali ya duka, nami nimeiweka rafuni kwangu kwa sababu tu kuna mteja ambaye, siku moja, hakurudi kujaziwa.